Kiwanda Kilipoacha Magari, Mtoto Alibaki na Nani?

Ni mama gani wa Afrika Mashariki asiyelijua jina la Singer? Cherehani hizo zimeshona sare za shule, magauni ya harusi na mapazia ya sebuleni kwa miaka mingi. Lakini pengine hujui, mpendwa msomaji, kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kampuni hiyo ya Marekani ilitengeneza bastola 500 za jeshi. Frigidaire, wenye majokofu, walitengeneza bunduki za rashasha. Underwood, ambao taipureta zao zilijaa maofisini, walitengeneza bunduki za mkono. Hata Rock-Ola, waliokuwa wakiunda masanduku ya kupigia santuri kwenye mabaa, nao walitengeneza bunduki za aina hiyo hiyo.

Hayo ni madogo ukilinganisha na yaliyotokea katika viwanda vya magari. Mwaka 1941 viwanda hivyo vilitoa magari ya abiria zaidi ya milioni 3. Februari 1942, miezi miwili baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, kazi hiyo ilisimamishwa kwa amri ya serikali. Tangu hapo hadi vita vilipokaribia kwisha, magari mapya ya raia yaliyoundwa nchi nzima yalikuwa machache mno. Viwanda vile vile vikawa vinatoa vifaru, malori ya jeshi, injini na ndege.

Huenda unajiuliza, habari za vifaru zinatuhusu nini sisi akina mama? Zinatuhusu sana. Katika habari hii tumeona kwamba kukigeuza chuma ilikuwa kazi ngumu, lakini kuyageuza maisha ya nyumbani ilikuwa kazi ngumu zaidi. Wanaume walipokwenda vitani, nafasi zao viwandani zilijazwa na wanawake, na wengi miongoni mwao walikuwa na watoto wadogo.

Mtu wa magari aitwa na Rais

Matayarisho yalianza kabla Marekani haijaingia vitani. Mei 1940, wakati majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yakiivamia Ufaransa, Rais Roosevelt alimwita William Knudsen, mkuu wa General Motors, aje kusimamia utengenezaji wa silaha. Knudsen alizaliwa Denmark, akafika Marekani mwaka 1900 akiwa kijana wa miaka 20. Aliacha mshahara mnono akakubali kulipwa dola moja kwa mwaka. Kazi yake ilikuwa kuwauliza wenye viwanda: nani anaweza kutengeneza nini?

Chrysler walikubali kuunda vifaru, ingawa hawakuwa wamewahi kuunda hata kimoja. Walijenga kiwanda katika mashamba ya kaskazini mwa Detroit, na kabla ya vita kwisha vifaru zaidi ya 22,000 vilikuwa vimetoka hapo. Packard, waliojulikana kwa magari ya matajiri, walichukua kazi ya kuunda injini ya ndege ya Kiingereza iitwayo Merlin. Kazi hiyo ilipelekwa kwanza kwa Ford. Edsel Ford, mwana, alikubali. Mzee Henry Ford, baba, akaikataa kwa sababu hakutaka kuitengenezea Uingereza silaha. Kwa hiyo mtoto akaonekana kama hana neno mbele za watu. Wenye nyumba za wakwe wakali wanaelewa tunasema nini.

Hata hivyo Ford nao waliingia, tena kwa kishindo. Januari 1941 Charles Sorensen, msimamizi mkuu wa uzalishaji wa Ford, alikwenda San Diego kuona jinsi ndege kubwa za mabomu zinazoitwa B-24 zilivyokuwa zikiundwa. Usiku ule ule, chumbani mwake hotelini, alichora mpango wa kiwanda cha kutoa ndege moja kila saa. Kiwanda hicho kilijengwa Willow Run, karibu na mji wa Ypsilanti katika jimbo la Michigan. Kilikuwa kirefu mno hata kikapindishwa kona katikati ili kisivuke mpaka na kuingia wilaya ya jirani, ambako kodi ilikuwa kubwa. Matajiri hawasahau hesabu hata wakati wa vita!

Kwa nini ndege haikuwa kama gari?

Kila anayeshona ataelewa shida iliyowapata. Fundi cherehani mzuri anampima mteja wake, anakata, anamjaribisha, anapunguza hapa na kuongeza pale. Ndivyo ndege zilivyokuwa zikiundwa San Diego: kila kipande kilipunguzwa kwa mkono mpaka kikubaliane na mwenzake. Ford walikuwa kama mtu anayeshona sare elfu moja za shule. Kipimo ni kimoja, kitambaa kinakatwa mara moja, na kila mkono unaingia katika kila bega bila kujaribiwa.

Ili kufanya hivyo walihitaji kalibu za chuma kigumu, za gharama kubwa. Lakini gari la mwaka fulani halibadiliki mpaka mwaka wa pili, na ndege ya vita hubadilika kila mwezi. Marubani walirudi kutoka vitani wakisema hapa pawekwe bunduki nyingine, pale paongezwe bamba. Kalibu iliyokwisha kutengenezwa ikawa haifai tena. Katika mwaka mzima wa 1942 Willow Run ilitoa ndege 56 tu. Wenye dhihaka walilipindua jina la kiwanda likawa swali: je, kitakwenda kweli?

Kilikwenda. Mwaka 1944 kilifikia ile ndege moja kwa saa, na hadi Juni 1945 kilikuwa kimetoa ndege zaidi ya 8,600. Sehemu kubwa ya mafanikio hayo ilitokana na kuigawa kazi. Badala ya fundi mmoja kujua mambo hamsini, watu hamsini walijua jambo moja moja, na jambo moja mtu anaweza kufundishwa kwa muda mfupi. Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa kwa wanawake.

Rose na wenzake

Kabla ya vita, kati ya kila wafanyakazi 20 wa viwanda vya magari, mwanamke alikuwa mmoja hivi. Kufikia mwisho wa mwaka 1943 walikuwa mmoja kati ya kila wanne, na Willow Run walikuwa kama thuluthi moja.

Mmoja wao alikuwa Rose Will Monroe, mjane kijana kutoka Kentucky. Mumewe alifariki katika ajali ya gari mwaka 1942, akamwachia watoto wawili wa kike. Rose alihamia Michigan akapata kazi ya kupiga ribiti. Ndege moja ya B-24 ilishikwa na ribiti zaidi ya 300,000, na kila moja ilihitaji watu wawili: mmoja upande huu akiwa na mashine ya kupigia, mwingine upande wa pili ameshikilia kipande cha chuma ili kichwa cha ribiti kibonyee na kukaza. Ukilegeza mkono, bati la ndege linaharibika. Makelele yalikuwa ya kuziba masikio. Wakati huo ulikuwapo wimbo maarufu uliomsifu mpiga ribiti aitwaye Rosie, na watengenezaji wa filamu ya serikali walipofika kiwandani na kumkuta Rose wa kweli akipiga ribiti, walimtia katika filamu yao.

Matangazo ya wakati ule yaliwaambia wanawake kwamba kazi ya kiwandani ni kama kazi za nyumbani: anayeweza kutumia cherehani ataweza kutumia mashine ya kutobolea chuma. Sifa hiyo haitupendezi sana. Ilimpa mwanamke moyo wa kuingia, lakini pia ilidokeza kwamba yumo humo kwa muda tu, kama mgeni aliyeazimwa kutoka jikoni.

Wala mlango haukufunguliwa sawa kwa wote. Roosevelt alikuwa amekwisha kupiga marufuku ubaguzi wa rangi katika viwanda vya vita mwezi Juni 1941, lakini wanawake weusi waliendelea kufukuzwa malangoni au kupewa ufagio. Juni 1943 wafanyakazi weupe wapatao 25,000 wa Packard waligoma kwa sababu weusi watatu walipandishwa kazi. Mwezi huo huo fujo za rangi zilizuka mjini Detroit, watu 34 wakafa. 25 kati yao walikuwa weusi.

Nani atamwogesha mtoto?

Sasa tufike nyumbani. Mama aliyehamia Willow Run alikuwa amemwacha bibi wa watoto mbali, Kentucky au Tennessee. Nyumba hazikuwepo. Familia ziliishi katika mahema na vibanda vya magurudumu vya kukokotwa na gari, mpaka serikali ilipowajengea makazi mwaka 1943. Mama alipotoka zamu, maduka yalikuwa yamekwisha kufungwa au nyama imekwisha. Sukari, kahawa, nyama, jibini na mafuta ya kupikia vilinunuliwa kwa mgawo. Mafuta yaliyobaki kikaangoni hayakumwagwa. Yalirudishwa buchani yakafanyiwe baruti. Soksi za nailoni zilitoweka kwa kuwa nailoni ilitakiwa kwa miavuli ya askari wa ndege.

Matairi nayo yalikuwa haba, maana Wajapani walikuwa wameziteka Malaya na visiwa vya Indonesia zilikotoka mpira na nyuzi za kamba. Upungufu huo ulifika hadi kwetu. Tanganyika serikali ya kikoloni iliwachukua wanaume kwa nguvu wakafanye kazi katika mashamba ya mkonge na ya mpira, na bibi zetu wakabaki na jembe na watoto.

Huko Marekani wakuu wa viwanda walilalamika kwamba wanawake wanakosa kazini mara kwa mara. Walikosa kwa sababu mtoto ana homa, au nguo hazijafuliwa, au jirani aliyeahidi kumwangalia mtoto hakutokea. Watoto wengine walishinda mitaani na ufunguo wa nyumba umefungwa shingoni. Baadhi ya wachanga waliachwa wamelala ndani ya magari katika uwanja wa kuegesha, mama akiwa ndani kiwandani. Magazeti yaliwalaumu mama hao. Sisi tunauliza: mwenye kiwanda kilichojengwa kwa mamilioni ya dola, kwa nini hakukumbuka chumba kimoja cha watoto?

Serikali ilikumbuka kwa kuchelewa. Kwa fedha za sheria iliyojulikana kama Lanham, vituo vya kulelea watoto vilifunguliwa katika miji yenye viwanda vya vita, na mzazi alilipa kama senti 50 hadi 75 kwa siku. Mwaka 1944 vilikuwa vituo takriban 3,000 vyenye watoto wapatao 130,000 kwa wakati mmoja. Haikuwa idadi kubwa kwa mahitaji yaliyokuwapo.

Aliyefanya vizuri zaidi hakuwa mtu wa magari bali muunda meli. Henry Kaiser, akihimizwa na Bibi Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, alifungua vituo viwili mwishoni mwa mwaka 1943 kwenye malango ya viwanda vyake vya meli huko Portland, Oregon. Vilikuwa wazi mchana na usiku kufuata zamu. Walimu walikuwa wenye elimu ya malezi, na muuguzi alikuwapo. Bafu zilikuwa za kimo cha watoto, na madirisha makubwa yaliwawezesha kuona meli walizoziunda mama zao. Jambo lililotufurahisha kuliko yote ni hili: mama alipomfuata mwanawe jioni, aliweza kununua pale pale chakula cha moto kilichofungwa tayari kwa ajili ya familia yake. Aliyepanga hivyo aliwahi kurudi nyumbani amechoka.

Vita vikaisha

Julai 1945 magari ya kwanza ya raia yalianza kutoka tena. Wanawake walikuwa wa kwanza kupunguzwa. Idara ya wanawake ya serikali ilikuwa imewauliza kama wangependa kuendelea na kazi, na kiasi cha robo tatu walijibu ndiyo. Mwezi Desemba mwaka huo wanawake wapatao 200 walisimama na mabango nje ya kiwanda cha Ford cha Highland Park, kwa kuwa kampuni ilikuwa ikiajiri wanaume wapya huku wao, wenye haki ya kurudishwa kwanza, wakiachwa majumbani. Willow Run ilipangishwa kwa kampuni mpya ya magari, na mmoja wa wenye kampuni hiyo alikuwa ni yule yule Henry Kaiser.

Rose Will Monroe hakuweza kukaa bure, alikuwa na watoto wa kulisha. Aliendesha teksi, akafungua saluni, kisha akaanzisha kampuni yake ya ujenzi wa nyumba huko Indiana. Wakati wa vita alitamani kuwa rubani akakataliwa kwa kuwa analea watoto peke yake. Alijifunza kurusha ndege alipopita umri wa miaka 50. Alifariki mwaka 1997.

Na vituo vya watoto? Vya Kaiser vilifungwa mwaka 1945 kazi ya meli ilipokwisha, na fedha za sheria ya Lanham zilisimamishwa mapema mwaka 1946. Karibu kila mahali milango ilifungwa. Katika jimbo la California akina mama hawakunyamaza. Waliandika barua, wakaenda kwa wabunge wao pamoja na walimu wa watoto, na jimbo likakubali kuvigharimia vituo kwa mwaka mmoja, kisha mwingine, mpaka mwaka 1957 vikawa vya kudumu.