Nafsi katika Wimbo wa Kisiasa: Kutoka Kibera na Kawangware hadi Darasani

Wimbo ni kipera kikongwe cha fasihi simulizi. Tangu jadi jamii zetu zimeimba hodiya zikifanya kazi, mbolezi zikiomboleza, na nyiso katika jando na unyago. Hata hivyo, mtahiniwa anapoulizwa kuhusu nyimbo za kisiasa, mara nyingi hukimbilia nyimbo za kupigania uhuru na kukomea hapo. Husahau kwamba nyimbo hizo zinaendelea kutungwa katika mitaa ya Nairobi kama vile Kibera na Kawangware, na kwamba yeye mwenyewe huenda anazijua kwa moyo. Makala hii inakusudia kukuonyesha, ewe mwalimu na mtahiniwa, njia moja ya kuzihakiki nyimbo hizi: kuchunguza nafsi.

Muktadha wa nyimbo

Wimbo haufasiriki nje ya muktadha wake. Kibera, ambayo jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, ilianza kama makao ya askari Wanubi wa jeshi la kikoloni. Leo inakaliwa na watu wa jamii nyingi, na reli ya kuelekea Kisumu inapita katikati. Kawangware, upande wa magharibi wa jiji, inapakana na mtaa wa kitajiri wa Lavington. Ukitembea dakika chache tu unatoka penye vibanda vya mabati na kufika penye nyumba za ghorofa zenye bustani. Katika mazingira ya namna hii, msanii hahitaji kutafuta maudhui mbali.

Vijana wa mitaa hii hujitambulisha hata kwa nambari za matatu: 8 ni Kibera, 46 ni Kawangware. Msanii Octopizzo, aliyelelewa Kibera, aliifanya nane kuwa sehemu ya jina lake la kisanaa. Kwa mhakiki, hili si jambo dogo. Ni uteuzi wa lakabu, na lakabu ni kipera cha fasihi simulizi kinachofunza mengi kuhusu fanani na mahali anapojivunia.

Lakini mitaa hii imeonja pia uchungu wa maneno. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini. Kibera reli iling'olewa na nyumba zikateketezwa. Kawangware nayo ilishuhudia fujo baada ya uchaguzi wa marudio wa rais wa tarehe 26 Oktoba 2017. Tume ya Jaji Waki iliyochunguza ghasia za 2007 na 2008 ilieleza jinsi baadhi ya vituo vya redio vya lugha za kiasili vilivyochangia uhasama. Mwaka 2008 ikatungwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa inayoharamisha matamshi ya chuki, na mwaka 2012 wanamuziki kadhaa wakashtakiwa chini yake kwa sababu ya nyimbo zao. Kwa upande mwingine, redio ya kijamii ya Pamoja FM, iliyoanzishwa Kibera mwaka 2007, ilihimiza amani mambo yalipochacha. Tunapomfunza mwanafunzi kuuhakiki wimbo wa kisiasa, basi, hatumfunzi kupata alama tu. Tunamfunza kutambua wimbo unaojenga na ule unaoweza kumchoma jirani yake.

Nani anayesema, na anamwambia nani?

Wanafunzi wengi wanajua kutaja nafsineni na nafsinenewa. Wachache hujiuliza maswali yanayofuata: je, nafsi hiyo inamjumuisha nani? Inamwacha nani nje? Hebu tutazame kazi chache maarufu kwa kuanzia na anwani zake tu. Utaona kwamba sarufi uliyojifunza kidato cha kwanza ni chombo madhubuti cha uhakiki.

Kwanza, tuchukue nafsi ya kwanza umoja. Mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji walitoa wimbo Unbwogable. Anwani hii ni mfano mzuri wa kuchanganya ndimi ndani ya neno moja: mzizi wa Kidholuo wenye maana ya kutisha umevikwa viambishi vya Kiingereza, ikawa ni mtu asiyetishika. Kiutanzu, huu ni wimbo wa majigambo, yaani mtu anayejisifu mwenyewe. Muungano wa NARC uliuchukua katika kampeni na Desemba mwaka huo ukaishinda KANU iliyokuwa madarakani tangu 1963. Kwa nini wanasiasa waliuazima kwa wepesi hivyo? Kwa sababu 'mimi' ya majigambo haina mwenyewe. Yeyote anayeuimba wimbo huwa ndiye shujaa wake. Ndiyo nguvu yake, na ndiyo hatari yake pia, kwani haukupita muda mrefu kabla ya serikali hiyo mpya kuandamwa na kashfa ya Anglo Leasing. Wimbo wa jasiri unaweza kuvaliwa na yeyote, hata asiyestahili.

Pili, tuangalie nafsi ya pili wingi. Desemba 2019 King Kaka alitoa Wajinga Nyinyi, kazi iliyo karibu zaidi na ughani kuliko uimbaji. Ilizua mjadala mkubwa, na gavana mmoja aliyetajwa ndani yake akatishia kwenda mahakamani. Ukiitazama anwani utaona kwamba anayekaripiwa si kiongozi bali mpiga kura. Toni ni ya karipio na kejeli. Mbinu hii humshtua msikilizaji aliyezoea kulaumu wengine. Hata hivyo, mhakiki ana haki ya kuuliza: anayesema 'nyinyi' amejiweka wapi? Je, mama anayefua nguo za watu ili watoto wale ni mjinga kwa sababu alipokea unga wa kampeni, au ni mhitaji? Mtahiniwa akilijadili swali hili kwa pande zote mbili atakuwa amehakiki, hatakuwa amesimulia tu.

Tatu, ipo nafsi ya kwanza wingi. Mwaka 2018 kundi la Sauti Sol likishirikiana na Nyashinski lilitoa Tujiangalie. Changanua neno hilo: 'tu' ni nafsi ya kwanza wingi, 'ji' ni ya kujirejelea, na kiishio 'e' kinaonyesha rai au ombi. Mtenda na mtendwa ni wale wale. Mwimbaji hajatoka nje ya lawama wala hakumtafuta adui.

Nafsi hii ina historia ndefu katika fasihi yetu. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla aliandika kijitabu kiitwacho Kenya: Twendapi? na kwa ajili hiyo akafungwa kuanzia 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki. Zingatia kwamba anwani ya kijitabu haikumshambulia mtu. Iliuliza tu, na katika swali lenyewe mwandishi alijihesabu kuwa mmoja wa wasafiri. Kumbe hata swali lenye 'tu' laweza kumtia mtu kifungoni! Msanii wa Kibera anayeimba leo kuhusu haki ni mrithi wa mkondo huo, hata kama hajawahi kulishika diwani hilo mkononi.

Kuna anwani zisizo na nafsi kabisa. Katika Nchi ya Kitu Kidogo (2001), Eric Wainaina alitumia tafsida ambayo kila Mkenya anaijua. 'Kitu kidogo' ni hongo. Kwa kuifanya tafsida hiyo kuwa sifa ya nchi nzima, aliigeuza kuwa kejeli: jina lililobuniwa kuficha aibu sasa linaianika. Wanamuziki wa roki na panki jijini Nairobi, ambao wengi huimba kwa Kiingereza, nao hawakuachwa nyuma. Kundi la Crystal Axis lina wimbo uitwao Nyayo House, jina la jumba ambalo vyumba vyake vya chini vilitumiwa kuwatesa wafungwa wa kisiasa miaka ya 1980. Hapa jina la mahali pekee latosha kuwa ishara ya enzi nzima.

Tusisahau, mwisho, kwamba hadhira nayo hutunga. Anguka Nayo ya Wadagliz ulikuwa wimbo wa kucheza densi. Katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha mnamo Juni 2024, vijana waliugeuza kuwa wimbo wa mapambano. Ukiulizwa kuhusu nafasi ya hadhira na muktadha katika kuleta maana, huo ni mfano thabiti.

Zoezi

Wimbo ufuatao umetungwa kwa ajili ya zoezi hili. Usome kisha ujibu maswali.

Maji twanunua, bomba lapita mlangoni,
Mtungi kwa mtungi, twalipa hadi jioni.
Kura tulipiga, foleni tangu alfajiri,
Mheshimiwa karudi? Karudi, ndani ya gari.
Tuulizane jirani, tuulizane.

Reli yapita kati, huku kwetu, kule kwenu,
Treni ikishapita, vumbi ni letu na lenu.
Walosema tuchinjane, wana wao wako shuleni,
Wetu tumewazika, na wenu wako mchangani.
Tuulizane jirani, tuulizane.

(a) Tambua nafsineni na nafsinenewa.
Nafsineni ni mkazi wa mtaa wa mabanda akizungumza kwa niaba ya wenzake. Nafsinenewa ni jirani wa upande wa pili wa reli. Usiseme kuwa nafsinenewa ni mheshimiwa. Yeye anazungumziwa tu, hazungumzwi naye.

(b) Eleza kinaya katika ubeti wa kwanza.
Bomba la maji lapita mlangoni, lakini wakazi wananunua maji. Vilevile, aliyepigiwa kura na watu waliosimama foleni tangu alfajiri anarudi akiwa amejifungia garini.

(c) Je, 'Mheshimiwa karudi?' ni swali la balagha?
Hapa watahiniwa wengi wangejikwaa. Swali la balagha halihitaji jibu. Hili limejibiwa papo hapo na mwimbaji mwenyewe, na jibu ndilo linalobeba kejeli. Ni salama zaidi kulieleza kama swali na jibu lenye kejeli.

(d) Toa mifano miwili ya uhuru wa mtunzi.
Inkisari: 'walosema' badala ya 'waliosema', na 'karudi' badala ya 'amerudi'.

(e) Nafsi inabadilika vipi, na mabadiliko hayo yana umuhimu gani?
Ubeti wa pili unaanza kwa kutenganisha 'kwetu' na 'kwenu', kisha vumbi linawaunganisha: 'letu na lenu'. Msiba nao ni wa pande zote mbili. Kiitikio kinawaweka katika kitenzi kimoja, 'tuulizane', ambapo kiambishi cha kutendana kinaonyesha kwamba mazungumzo ni ya pande mbili. 'Wao' wa pekee waliobaki nje ni waliochochea. Hivyo wimbo unahimiza umoja pasipo kuficha kosa.

Neno kuhusu Sheng

Nyimbo nyingi za mitaa hii zimetungwa kwa Sheng. Mwalimu, usizikatae darasani kwa sababu hiyo. Sheng ni sajili, na sajili ina kazi: humtambulisha fanani, hulenga hadhira ya vijana, na huwaacha nje wasiokusudiwa. Mwambie mwanafunzi aieleze Sheng kwa Kiswahili sanifu, asijibu kwa Sheng. Akisema kuwa msanii ameita askari 'karao' ili kudumisha uhalisia wa mtaa, atapata alama. Akiandika yeye mwenyewe kuwa makarao walikuja, atazipoteza.

Hitimisho

Unapokutana na wimbo wa kisiasa, katika karatasi ya mtihani au ndani ya matatu, uliza maswali matatu: 'Sisi' ni nani? 'Wao' ni nani? Je, jirani yangu wa kabila jingine anaweza kuuimba wimbo huu nami bila kujiona ameshtakiwa? Wimbo ambao 'sisi' yake ni kabila moja na 'wao' yake ni majirani una dosari ambayo mahadhi matamu hayawezi kuifuta. Ule ambao 'sisi' yake inawakusanya wote wanaonunua maji, bila kuuliza majina yao ya ukoo, ndio unaostahili kuitwa wimbo wa ukombozi.