Mafuta ya Kerezo la Zamani: Ununue Yapi?

Makerezo mengi ya zamani yaliyotoka Uingereza, yakiwemo ya Colchester, yana kibao au kitabu kinachoagiza Shell Tellus 27. Zunguka maduka ya vipuri ya Malaba na Busia uulize; jina hilo halipo tena. Fundi wa Moding anayekereza bushi za trela na shafti za mashine za posho asikate tamaa. Kilichoondoka ni jina, mafuta yenyewe yapo.

Tangu 1975 uzito wa mafuta ya mashine hupangwa kwa namba za ISO VG, zinazopimwa mafuta yakiwa na joto la nyuzi 40. Tellus 27 inakaribiana na VG 32. Kwa hiyo dukani taja namba, usitaje jina la zamani.

Sasa tulinganishe.

Oili ya haidroliki VG 32 ndiyo inayofaa sanduku la gia. Hutumika kwenye tingatinga na matrekta, hivyo hupatikana kwa urahisi, na kwa kawaida lita yake ni nafuu kuliko ya oili nzuri ya injini. Shell, inayouzwa nchini Kenya na Vivo Energy, bado ina Tellus yenye namba hiyo, na TotalEnergies ina Azolla.

Oili maalum ya reli za mashine, VG 68, ni ghali na huenda ukalazimika kuiagiza. Hunata relini na kuzuia meza kukwamakwama inapokwenda polepole. Hutumika kidogo, kwa hiyo galoni ndogo inatosha muda mrefu. Ukiikosa, tumia haidroliki VG 68.

Oili ya injini ya SAE 30 inakaribia VG 100, nzito mno kwa gia zinazozunguka kasi. Tena viungo vyake vya kusafisha huuacha uchafu uelee badala ya kutulia chini. Oili ya gia za lori nayo ina salfa inayoweza kula bushi za shaba.

Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye lori ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo ya hasara kubwa. Imebeba masizi na unga wa chuma. Beringi ikishakwaruzwa, ulichookoa kwenye mafuta hakitanunua nyingine.

Gawanya bei ya mtungi kwa lita zake kabla ya kulinganisha, kwani lita ya mtungi wa 20 mara nyingi ni nafuu kuliko ya kupimiwa. Kagua kifuniko kama hakijafunguliwa, tazama alama ya KEBS, dai risiti. Kabla ya kujaza mapya, mwaga ya zamani yote na uoshe sanduku. Kioo cha mafuta kikionyesha rangi ya maziwa, maji yameingia: badilisha mara moja.

Ukiwa na pesa za kununua aina moja tu, anza na haidroliki VG 32 ya sanduku la gia. Hapo ndipo penye beringi za gharama.