KUFUGA BUIBUI TARANTULA: WAJIBU WA MFUGAJI WA MARA YA KWANZA

Msomaji wetu mmoja, mzazi mwenye asili ya pwani yetu anayeishi Uingereza, ametuandikia kuwa mwanawe wa miaka 14 amefaulu mtihani wake na zawadi anayoitaka si baiskeli wala simu, bali ni buibui mkubwa aina ya tarantula. Mama wa mtoto hataki hata kulisikia jina la mnyama huyo. Baba anauliza mambo mawili: je, yafaa kisharia kumfuga? Na ikiwa yafaa, ni yepi ya kuyajua kabla hajatoa fedha? Tumeona jibu lisiishie kwake peke yake, kwani vijana wanaofuga wadudu na wanyama wa namna hii wamekuwa wengi, na wazee wao huishia kukubali au kukataa bila ya kuijua kadhia yenyewe.

Kwanza tumjue mnyama. Jina tarantula limetokana na mji wa Taranto, kusini mwa Italia. Katika karne zilizopita watu wa huko waliamini kuwa aumwaye na buibui fulani hupatwa na maradhi ambayo dawa yake ni kucheza mpaka achoke, na ngoma iitwayo tarantella inanasibishwa na imani hiyo. Buibui aliyebeba lawama ile alikuwa wa jamii nyingine kabisa. Wazungu walipofika Amerika wakaona buibui wakubwa wenye manyoya, wakawabandika jina hilo hilo, nalo likawaganda. Leo wanaoitwa tarantula ni jamii yenye aina zaidi ya 1,000 zilizoenea Amerika, Afrika, Asia na Australia. Hata kwetu wapo. Yupo wa rangi ya chungwa ambaye wafugaji wa Ulaya humwita kwa jina la Usambara, na yupo yule mkubwa wa rangi ya kahawia wa Kenya na Tanzania, achimbaye shimo refu na kutoa sauti ya kukwaruza anapoghadhibika.

Sasa tuje kwenye suala la sharia. Katika Qur'ani mna sura nzima yenye jina la buibui, nayo ni sura ya 29. Watu wetu wa pwani wamelelewa kwa kisa cha buibui aliyetanda utando kwenye mlango wa pango la Thaur, na kwa sababu hiyo bibi zetu walikuwa wakitukataza kumuua. Wanavyuoni wa hadithi wamekizungumza sana kisa hicho na wengi wao wameidhoofisha isnadi yake, kwa hiyo hatujengi hukumu juu yake. Lakini tunajua kuwa katika wanyama watano walioruhusiwa kuuawa hata na aliyehirimia, nge ametajwa katika baadhi ya riwaya, na buibui hakutajwa.

Ama kumfungia mnyama kwa ajili ya kujiliwaza, dalili inayotegemewa ni kisa cha Abu Umair, mtoto mdogo aliyekuwa na kindege chake akicheza nacho, na Mtume (s.a.w.) akimtania na kumliwaza kwa ajili ya kindege kile, wala hakumkataza. Pamoja na ruhusa hiyo limewekwa sharti zito, nalo limo katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia wadudu wa ardhini. Kosa halikuwa kumweka paka. Kosa ni kumfungia kisha kumsahau. Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), alipozitaja haki za wanyama juu ya mwanadamu alisema miongoni mwao ni kumhudumia mnyama hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena, na kutomchanganya na mwenye kumdhuru. Ndugu msomaji aziweke akilini haki hizi mbili, kwani zitarudi tutakapofika kwenye maisha ya buibui mwenyewe.

Liko tatizo la ununuzi, na hapa sisi wafuasi wa Imam Shafii hatuwezi kupita kimya. Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, 1277) katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa zetu mpaka leo, ameweka sharti kuwa kinachouzwa kiwe na manufaa, na akatoa mfano wa hasharati, yaani wadudu na vijinyama vya ardhini, kuwa biashara yao haisihi. Waliokuja kukisherehesha kitabu hicho wakawatoa katika katazo wale wenye manufaa, kama ruba afyonzaye damu ya ugonjwa. Wakataja vile vile kuwa yafaa kumuuza tausi kwa kuliwazika na rangi yake na ndege mwenye sauti nzuri kwa kuliwazika na sauti yake. Je, kumtazama buibui na kujifunza maumbile yake ni manufaa ya namna hiyo? Sisi tunaelemea kusema kuwa kwa kijana anayesoma elimu ya viumbe manufaa yapo. Asiyetulizana na rai hii anayo njia iliyotajwa na mafakihi wetu wenyewe, nayo ni kulipa fedha ili mwenye kitu aondoe mkono wake juu yake, bila ya kuita malipo hayo bei. Sanduku, udongo na chombo cha maji havina mgogoro. Hii si fatwa, na mzazi amuulize shekhe wa mji wake.

Tukishavuka hapo ndipo swali gumu zaidi linapokuja, nalo ni umri. Paka huishi miaka 15 hivi. Tarantula jike wa jamii ya magoti mekundu kutoka Mexico huweza kuishi miaka 20 na zaidi. Dume maisha yake ni mafupi. Akishajivua gamba kwa mara ya mwisho na kubaleghe, kwa kawaida hamalizi miaka mingi, mara nyingi ni mwaka mmoja tu au pungufu. Jamaa zao wa Australia Magharibi wachimbao shimo lenye mlango wameonyesha kuwa umri huo si hadithi za kutia chumvi. Jike mmoja aliyefuatiliwa na mtaalamu Barbara York Main tangu miaka ya 1970 aliishi miaka 43. Basi kijana wa miaka 14 anayenunua jike leo anachukua mzigo utakaoendelea mpaka amemaliza chuo, ameoa na ana watoto. Na mnyama huyu hatamjua. Hatamkimbilia mlangoni wala hatamlilia njaa. Hapo ndipo panapotofautiana na paka wa hadithi, kwani paka angalau alikuwa na sauti.

Kwa anayeanza, aina zinazopendekezwa ni zile za Amerika zenye mwendo wa taratibu, kama huyo wa magoti mekundu au yule wa nywele za kujikunja wa Amerika ya Kati. Huyu wetu wa rangi ya chungwa asiwe wa kwanza kabisa. Ni mwepesi mno, ni mkali, na kuumwa naye huleta maumivu makali na misuli kukakamaa. Ajabu ni kuwa yeye huuzwa kwa bei ndogo kwa sababu huzaliana kwa urahisi, na bei hiyo huwavuta wasiojua.

Muuzaji aulizwe: amezaliwa kizimbani au amekamatwa porini? Tarantula wa Mexico walichotwa kwa wingi katika makazi yao mpaka jamii yote ya magoti mekundu ikaingizwa chini ya mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe mnamo mwaka 1994. Jike anayechukua miaka kadhaa kufikia umri wa kuzaa akichukuliwa porini, nafasi yake haijazwi upesi. Muuzaji asiyeweza kueleza mnyama ametoka wapi aachwe.

Nyumba yake si jambo la gharama. Buibui wa ardhini akinyoosha miguu hufikia sentimita 14 hivi, na sanduku lenye upana mara 3 ya kipimo hicho linamtosha. Wengi hukosea kimo. Sanduku likiwa refu kwenda juu, buibui hupanda kioo, huanguka, na tumbo lake ambalo ngozi yake ni laini kama puto hupasuka. Kutoka udongo hadi kifuniko pasizidi sana urefu wa miguu yake. Chini pawekwe tabaka nene la unga wa makumbi ya nazi (mzazi wetu atafurahi kusikia kuwa makumbi aliyoyaacha kwao yanauzwa huko kwa pakiti), gome la mti la kujifichia, na kisahani cha maji kisichokauka. Kifuniko kifungwe barabara. Taa ya joto haihitajiki, na jua la dirishani ni hatari. Joto la chumba anachokaa mtu akiwa na shati jepesi linamfaa.

Chakula chake ni nyenje au mende waliofugwa kwa kazi hiyo, mmoja au wawili kwa wiki kwa aliyekwisha kua, na wasimzidi tumbo lake kwa ukubwa. Mende wa jikoni hawafai kwani huenda wamegusa dawa ya kuua wadudu. Dawa hizo ni adui mkubwa wa mnyama huyu, pamoja na zile za viroboto wanazopakwa paka. Nyenje akikaa usiku mzima bila kuliwa atolewe. Buibui ameumbwa kula hivyo na hatuna la kusema juu yake, lakini kuwaita marafiki waje kutazama nyenje akiuawa kama mchezo ni jambo jingine, na mzazi alikataze.

Tunataka kukaa kidogo kwenye kujivua gamba, kwani hapo ndipo wanyama wengi wa wafugaji wapya hupotea. Buibui akikaribia kujivua huacha kula kwa wiki nyingi, pengine miezi. Mfugaji huingiwa na hofu, akazidi kumtupia nyenje. Kisha asubuhi moja humkuta amelala chali, miguu juu, hatikisiki. Wapo waliowatupa jalalani wakiwa hai kwa kudhani wamekufa! Kulala chali ndiko kujivua kwenyewe, na huchukua saa kadhaa. Aliyekufa kwa kawaida huwa amesimama au ameinama na miguu imekunjamana chini ya kifua, kwa sababu miguu hunyooshwa kwa msukumo wa maji ya mwilini na msukumo huo umekwisha. Anayejivua asiguswe, asipulizwe, asigeuzwe. Baada yake mwili ni laini na hata meno ni meupe, na nyenje aliyeachwa humo anaweza kumtafuna. Hapa ndipo inapoingia ile haki aliyoitaja Izzuddin ya kutomchanganya na mwenye kumdhuru. Chakula kisubiri wiki moja au mbili mpaka meno yawe meusi.

Kuhusu hatari kwa watu, hakuna kifo cha mwanadamu kilichothibitishwa kutokana na sumu ya tarantula. Lakini wale wa Amerika wana silaha nyingine, nayo ni vinyweleo vya mgongoni wanavyovipangusa kwa miguu ya nyuma na kuvirusha. Mwaka 2009 madaktari wa Leeds walieleza katika jarida la Lancet habari za kijana aliyekuwa akisafisha sanduku la buibui wake. Aligeuza uso kidogo, akarushiwa vinyweleo, na vikakutwa vimechoma ndani ya mboni ya jicho. Basi miwani ivaliwe, mikono ioshwe, na mnyama asishikwe kabisa ila kwa dharura. Hana faida yoyote kwa kushikwa, akianguka anakufa.

Jambo moja limetustaajabisha tulipoichunguza sheria ya huko anakoishi mzazi wetu. Sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 ya England na Wales inawahusu wenye uti wa mgongo tu. Ile ya mwaka 2022 juu ya hisia za wanyama imewaongeza pweza, kaa na jamaa zao, na buibui hamo. Anayemwacha tarantula akauke kwa kiu ndani ya sanduku hashitakiwi na sheria hizo. Kwa mafakihi wetu amekwisha kushitakiwa tangu zamani.

Ya mwisho ni kuchoka. Mtoto akichoka asimwachie bustanini, kwani baridi itamwua, na penye joto huweza kuzaliana na kuwa mgeni asiyetakiwa, kama ilivyotokea Florida miaka ya 1990 kwa tarantula mweusi wa Mexico. Amtafute mfugaji mwingine wa kumpokea. Bora zaidi, mtu huyo apatikane kabla ya kununua, ajulikane kwa jina, naye akubali mbele ya mama, kwani miaka minne tu ijayo kijana atakwenda chuoni na sanduku litabaki nyumbani kwake.