Upepo Mtupu Hauzuii Baridi

Msomaji wetu mmoja wa Moshi alipanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame pamoja na wafanyakazi wenzake, akabeba godoro la kujaza upepo analotumia nyumbani kulaza wageni. Unene wake ni sentimita 20. Usiku wa kambi ya Shira, karibu mita 3,800 kutoka usawa wa bahari, alitetemeka hadi kulipokucha. Mpagazi aliyekuwa hema la jirani alilala juu ya kipande cha sponji ngumu cha sentimita 2, akaamka mkunjufu na kuwasha jiko. Msomaji anauliza: sentimita 20 zinashindwaje na 2? Na kwa nini alfajiri godoro lilikuwa limelegea, ilhali alipolikagua nyumbani hakuona tundu?

Bei, rangi na namna ya kulikunja godoro nawaachia wauzaji. Nitatanguliza jambo moja tu. Mfuko wa kulalia, hata uwe mzito namna gani, hausaidii sana upande wa mgongoni. Uzito wa mwili huyalalia manyoya yaliyojazwa ndani yake yakawa bapa, na kumbe kilichokuwa kikizuia joto ni hewa iliyonaswa ndani ya manyoya hayo. Kwa hiyo kati ya mgongo wako na udongo wa Shira kuna godoro, basi.

Shuleni tulifundishwa kwamba joto husafiri kwa njia tatu: mpitisho, msafara na mnunurisho. Kwa mpitisho, godoro la msomaji ni zuri kweli, maana hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida. Maji huishinda zaidi ya mara 20. Msafara nao karibu haupo. Hewa ya moto hupanda, lakini ndani ya godoro upande wenye joto ndio huo wa juu, chini ya mgongo, na hewa ya baridi imekwisha kutuama chini. Hakuna cha kupanda wala cha kushuka. (Ukijigeuzageuza unaikoroga, tuliache hilo.)

Unabaki mnunurisho, na huu ndio ulionifanya nishike kalamu. Kila kitu kilicho na joto hutoa miale, hata kama macho hayaioni. Mgongo wako wa nyuzijoto 30 na kitu hutoa miale yenye urefu wa wimbi wa maikromita 10 hivi, mirefu mara nyingi kuliko ya mwanga tunaouona. William Herschel alikutana na ndugu wa miale hii mwaka 1800, alipoweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua uliopasuliwa na mche wa kioo, mahali palipoonekana hapana kitu, na joto likapanda. Ndani ya godoro tupu, kitambaa cha juu kinamulika kitambaa cha chini usiku kucha, na hewa iliyo katikati haiizuii miale hiyo hata kidogo.

Tazama tarakimu. Chukua godoro tupu lenye unene wa sentimita 7. Kwa kila nyuzi 1 ya tofauti kati ya juu na chini, mpitisho hupoteza takribani wati 0.36 katika kila mita ya mraba. Mnunurisho hupoteza wati 4 hivi, zaidi ya mara 10! Sasa ongeza unene uwe sentimita 20. Mpitisho unashuka hadi wati 0.12 au zaidi kidogo, lakini mnunurisho unabaki wati 4 zilezile, kwa sababu miale haijali kama inavuka sentimita 7 au 20. Msomaji wetu alibeba sentimita 13 za ziada ambazo hazikumpa kitu. Mpagazi, kwa upande wake, alikuwa juu ya maelfu ya vishimo vidogo vilivyofungwa, kila kimoja na ukuta wake. Miale ikitoka ukuta mmoja inanaswa na wa pili, hapo hapo karibu, nao unaitoa upya ukiwa umepoa kidogo, hivyo hivyo ukuta kwa ukuta hadi chini. Ndiyo maana 2 ilishinda 20.

Magodoro ya mlimani yaliyotengenezwa vizuri hutibu tatizo hili kwa namna ambayo kila nyumba yenye chupa ya chai tayari inaimiliki. Fungua chupa yako na uchungulie ndani: kuta zinang'aa kama kioo cha kujitazamia. James Dewar, aliyeibuni mwaka 1892, aliweka kuta mbili za kioo, akanyonya hewa iliyo kati yake, kisha akazipaka fedha. Kunyonya hewa kuliua mpitisho na msafara. Lakini mnunurisho hupita hata pasipo na hewa, kama jua linavyotufikia, na bila ile fedha chai ingepoa mapema. Wengi husema fedha hurudisha joto ndani, na ni kweli, ila hiyo ni nusu ya habari. Uso unaong'aa ni bahili pande zote mbili: unaopokea miale kwa shida huitoa kwa shida vilevile. Chupa ina pengo la milimita chache tu, ndiyo maana ni lazima hewa iondolewe. Zile milimita zikijaa hewa, mpitisho unazivuka upesi. Godoro lina pengo la sentimita kadhaa, kwa hiyo hewa iliyotulia inatosha, na kinachokosekana ni ule mng'ao. Basi mafundi hutandaza utando mwembamba wa plastiki uliopakwa aluminiamu ukining'inia katikati ya godoro. Aluminiamu hurudisha zaidi ya asilimia 95 ya miale ya aina hii, na kidogo inachomeza inakataa kukitoa upande wa chini. Utando wenye uzito wa gramu chache tu unafanya kazi ambayo sentimita 13 za upepo zilishindwa.

Utaona pia kwa nini kutandika blanketi la aluminiamu moja kwa moja juu ya sakafu ya hema na kulilalia hakufai. Likigusana na vitu pande zote mbili, joto linapita kwa mpitisho na mng'ao hauna la kufanya. Linahitaji pengo.

Dukani, tafuta herufi R kwenye lebo. Ni kipimo cha ukinzani wa joto, na tangu mwaka 2018 kuna kiwango kimoja cha kukipima, ASTM F3340, hivyo kampuni mbalimbali zinalinganishika. Godoro tupu huwa na R 1 hivi. Juu likiwa nyuzi 30 na chini 0, kila mita ya mraba inapoteza wati 170. Mwili mzima wa mtu aliyelala hutengeneza wati 70 hadi 80 tu. Lenye R 4 linapoteza wati 43. Kwa ufukwe wa Pangani R 1 inatosha, ila kwa kambi ya Barafu, huko juu Kilimanjaro, ningetaka 4 kwenda juu. Asiye na fedha za godoro jipya ajue kwamba ukinzani hujumlishwa: sponji ya R 2 chini ya godoro la R 1 ni R 3.

Na kule kulegea? Godoro halikuvuja. Shira, kanieneo ya hewa ni kilopaskali 63 hivi, na hewa iliyofungwa ikipoa kutoka nyuzi 20 za jioni hadi 0 za usiku hupoteza asilimia 7 ya kanieneo yake, yaani zaidi ya kilopaskali 4. Godoro la kulalia huizidi hewa ya nje kwa kilopaskali 3 hivi, na la nyumbani pengine chini ya hapo, kwa hiyo ziada yote inayeyuka. Ukilijaza kwa mdomo ni vibaya zaidi, kwa sababu pumzi ina joto la mwili na mvuke, na mvuke huo hugeuka maji ndani, baadaye kuvu. Tumia mfuko wa kujazia. Jaza jioni, liache lipoe, kisha liongeze upepo kabla ya kulala. Asubuhi jua likianza kuchoma hema, fungua vali mapema, la sivyo hewa inatanuka, gundi ya kuta za ndani inaachia, na godoro linaota nundu isiyotibika kwa kiraka.