Jike Mzee wa Sungura Anakojoa Damu au Anavuja Mkojo: Usikimbilie Antibayotiki

Leo tuzungumzie sungura jike waliokaa bandani muda mrefu, wale wa miaka 3, 4 na kuendelea. Wengi mnao. Ndio walioanzisha mradi, wamezaa sana, na sasa mmoja wao mkojo umekuwa mwekundu, au nyuma analowa muda wote na ananuka. Swali linalokuja kwa afisa ni lile lile: "Nimpe dawa gani?"

Kabla ya dawa, shika jambo moja. Kwa jike mzee, tatizo linaloonekana kwenye mkojo mara nyingi halitoki kwenye mkojo. Linatoka kwenye kizazi. Ukitibu mkojo peke yake utapoteza hela, utapoteza muda, na jike atakufa.

Kwanza: je, ni damu kweli?

Mkojo wa sungura unawachanganya watu wengi. Ukiwa wa kawaida unaweza kuwa wa njano, wa rangi ya chungwa, wa kahawia, hata mwekundu kama chai ya rangi. Wekundu huo unatokana na rangi za majani anayokula, na unaweza kuonekana baada ya kubadilisha lishe. Unakuja siku mbili tatu, halafu unaondoka wenyewe. Mkojo unaweza pia kuwa na ukungu mweupe. Hilo nalo ni la kawaida, kwa sababu sungura hutoa chokaa ya ziada kupitia mkojo, tofauti na mbuzi au ng'ombe ambao huitoa zaidi kwenye kinyesi.

Utatofautishaje? Mweke jike kwenye kizimba kisafi chenye wavu, chini weka beseni jeupe. Angalia haya:

- Mkojo wote una rangi moja tangu mwanzo hadi mwisho, na jike anakula vizuri: huenda ni rangi ya majani.
- Mkojo ni wa kawaida lakini mwishoni yanatoka matone ya damu, au kuna mabonge na michirizi: hiyo ni damu.
- Damu inatoka leo, inakata wiki nzima, halafu inarudi: hiyo ni dalili mbaya zaidi. Wengi hudhani amepona.

Ukiwa na haidrojeni paroksaidi ya duka la dawa, dondoshea kidogo kwenye mkojo uliomo kwenye beseni, si kwenye mwili wa mnyama. Ikichemka povu jingi, uwezekano wa damu ni mkubwa. Daktari wa mifugo akiwa na karatasi ya kupimia mkojo atakupa jibu la uhakika zaidi.

Na lile la "labda yuko kwenye siku zake" tuliache. Sungura jike hapati hedhi. Yai lake linashuka baada ya kupandwa na dume, halisubiri mwezi. Kwa hiyo damu kwa jike ambaye hajazaa siku hizo ni dalili ya ugonjwa au ya mimba iliyoharibika. Angalia kadi yake: alipandishwa lini? Mimba ya sungura ni kama siku 31. Damu ikitoka siku ya 20, fikiria kwanza mimba inatoka.

Kizazi: adui mkubwa wa jike mzee

Saratani ya mji wa mimba ni ugonjwa unaojulikana sana kwa sungura jike ambao hawajatolewa kizazi. Umechunguzwa tangu miaka ya 1930 huko Marekani, na picha iliyopatikana haijabadilika: chini ya miaka 3 wanaougua ni wachache, lakini baada ya miaka 4 idadi inapanda sana. Kuzaa mara nyingi hakumkingi jike.

Dalili zake zinaanza kwenye daftari lako kabla ya kuonekana kwenye mkojo. Jike aliyekuwa anazaa watoto 8 anazaa 4, halafu 2. Watoto wengine wanazaliwa wafu. Anapandwa na dume lakini mimba haishiki. Baadaye ndipo damu inatoka mwishoni mwa mkojo, chuchu zinavimba, anakonda. Mwisho kabisa anahema kwa shida, maana uvimbe huu hupenda kuhamia kwenye mapafu. Akifika hapo hakuna la kuokoa.

Kizazi kinaweza pia kuwa na usaha. Hapo unaona uchafu mzito unaonuka, tumbo limejaa, na jike hali chakula. Huyo mtenge siku hiyo hiyo, na dume aliyempanda usimpeleke kwa jike mwingine mpaka achunguzwe.

Kibofu: mchanga na mawe

Tatizo la pili ni chokaa kuganda kwenye kibofu. Jike anajikunja, anajikamua, anatoa matone matone, anasaga meno kwa maumivu. Mkojo unatoka mzito mweupe kama dawa ya mswaki. Nyuma panalowa muda wote.

Hapa lishe inachangia sana. Wapo wafugaji wanaowapa sungura chakula cha kuku wa mayai kwa sababu kinapatikana kila duka la pembejeo. Chakula hicho kina chokaa kama asilimia 3.5 hadi 4, ili kutengeneza ganda la yai. Jike asiyenyonyesha hahitaji hata asilimia 1. Ziada yote inapita kwenye figo na kibofu. Mlishe hivyo miaka 3, ukiongeza lusina na mchicha kila siku na chupa ya maji inayokauka mchana, umejitengenezea mawe mwenyewe.

Rekebisha hivi:

- Msingi wa chakula uwe nyasi: majani ya Guatemala, matete machanga au nyasi za rweya zilizokaushwa vizuri, muda wote.
- Peleti ziwe za sungura. Jike asiye na mimba wala watoto apewe kwa kipimo, asinenepe. Jike mnene na asiyetembea hakojoi vizuri, na hafiki kujisafisha nyuma.
- Maji safi yasikatike. Sungura wa kilo 4 anaweza kunywa nusu lita kwa siku, na anayenyonyesha hunywa zaidi. Bakuli zito la udongo humfanya anywe zaidi kuliko chupa ya matone.

Jike akijikamua bila kutoa mkojo kabisa, hiyo ni dharura. Usisubiri kesho, piga simu kwa daktari.

Mkojo unavuja bila yeye kujua

Wapo wanaovuja bila kujikamua. Ukiona pia miguu ya nyuma imelegea au kichwa kimepinda upande, kuna kimelea kidogo sana kinachoshambulia ubongo na figo za sungura. Kinaenea kwa mkojo. Mtenge jike huyo, vyombo vyake visichanganywe na vya wengine, kizimba kisafishwe kwa jiki iliyochanganywa na maji. Vaa glavu na nawa mikono, hasa kama nyumbani kuna mtu mwenye kinga dhaifu, maana kimelea hiki kinaweza kumpata binadamu pia.

Sababu nyingine ni mgongo kuumia. Sungura akishikwa vibaya akarusha miguu anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Mshike kwa kumkinga makalio siku zote.

Dawa inayoua kuliko ugonjwa

Hapa nakuomba uwe makini. Usimpe sungura ampisilini, amoksilini wala penisilini kwa mdomo, hata kama mwenye duka amekuambia "inatibu mkojo". Dawa hizi zikipita tumboni zinaua bakteria wazuri wanaomsaidia kusaga nyasi, wale wabaya wanazaliana, anaharisha na kufa ndani ya siku chache. Linkomisini ni hivyo hivyo. Zipo antibayotiki salama kwa sungura, na penisilini yenyewe hutumika kwa sindano kwa magonjwa fulani, lakini hilo aamue daktari wa mifugo. Na hakuna antibayotiki inayotibu saratani wala kuyeyusha jiwe.

Huduma ya bandani wakati unasubiri daktari

Mkojo ukikaa kwenye ngozi unaichoma. Hapa Maruku mvua za masika na vuli zinafanya banda kuwa na unyevu muda mrefu, na inzi hawakosi. Fanya hivi kila siku:

1. Punguza manyoya yaliyolowa kwa mkasi, polepole, ngozi ya sungura ni laini.
2. Osha sehemu ya nyuma tu kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kitambaa kabisa. Usimzamishe sungura mzima kwenye maji.
3. Paka mafuta ya mgando kidogo kuzuia mkojo usiguse ngozi.
4. Mpe sehemu kavu ya kulala, ubao wenye nyasi kavu, asikae kwenye wavu uliolowa.
5. Kagua asubuhi na jioni kama kuna funza. Funza wa inzi wanaweza kummaliza sungura ndani ya siku moja au mbili.

Kwa mnaokusanya mkojo wa sungura kwa ajili ya kibanja au kuuza kwenye chupa: mkojo wa jike mgonjwa au aliye kwenye dawa usiingie kwenye pipa. Mteja wako analipia bidhaa safi.

Sasa uamuzi: atibiwe, astaafu au achinjwe?

Wewe ni mfugaji wa biashara, kwa hiyo piga hesabu. Jike anayekula kama gramu 150 za peleti kwa siku na asizae miezi 4 amekula kilo 18. Katika miezi hiyo 4 mwenzake anaweza kuzaa mara mbili. Zidisha kwa bei ya peleti ya leo, uone anakugharimu nini.

Ushauri wangu ni kuwaondoa majike kwenye uzalishaji wakiwa na miaka 2.5 hadi 3, au mapema zaidi kama wamezaa vibaya mara mbili mfululizo. Andaa binti zao kuwarithi kabla ya hapo. Jike akichinjwa akiwa na afya, nyama yake ni hela. Ukisubiri mpaka anatoka damu na amekonda, umebaki na mzoga. Usimuuze mgonjwa. Na kama alipewa dawa, heshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuchinja.

Akifa ghafla, mwombe daktari ampasue kabla hujamfukia. Kizazi chenye uvimbe kinaonekana kwa macho, na hapo unajua tatizo ni la umri wa jike mmoja, si ugonjwa unaoenea bandani. Sampuli zinazohitaji maabara zinaweza kupelekwa TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari, ambayo ina kituo Mwanza.

Yupo pia yule jike wa watoto, ana jina, hakuna anayetaka kumchinja. Sawa kabisa, si kila sungura ni nyama. Huyo kinga yake ni kutolewa kizazi akiwa bado kijana, kabla ya miaka 2. Si kila daktari anafanya upasuaji huo kwa sungura, kwa hiyo ulizia mapema kwa daktari wa mifugo wa wilaya, Bukoba au Muleba. Akishaanza kutoka damu bado upasuaji unaweza kumwokoa, ila tu kama uvimbe haujafika kwenye mapafu.

Kazi ya wiki hii: pita kila kizimba, andika tarehe ya kuzaliwa ya kila jike na idadi ya watoto kwa mizao mitatu ya mwisho. Waliozidi miaka 3 wawekee alama nyekundu. Hao ndio wa kuwaangalia beseni jeupe kila mwezi. Kazi njema.