Bia ya Majira ya Baridi Inywewe Moto

Katika baa za Kilimani, Nairobi, kuanzia Ngong Road hadi nyuma ya Yaya Centre, mhudumu hafungui chupa kabla ya kuuliza: baridi ama moto? Bia ya moto si iliyopashwa. Ni iliyotolewa moja kwa moja kwenye kreti bila kupitia friji. Wazee wengi huipenda hivyo, vijana huwacheka, na wageni kutoka ng'ambo hushangaa. Kuhusu bia nyepesi ya kila siku, kila mtu na anywe apendavyo. Lakini ipo aina moja ya bia ambayo kwayo sayansi iko upande wa wazee kabisa: bia nzito ya viungo inayopikwa kwa ajili ya majira ya baridi, kisha kuachwa izeeke chupani.

Nchi za kaskazini zina mazoea ya muda mrefu na bia za Desemba. Samichlaus ya Austria, ambayo haina viungo, hupikwa siku moja tu kwa mwaka, tarehe 6 Desemba, na kileo chake hufika asilimia 14. Kiwanda cha Anchor cha San Francisco kilianza kutoa bia ya Krismasi mwaka 1975, kila mwaka kwa mapishi tofauti, na hadi kilipofungwa mwaka 2023 hakikutaja viungo vilivyomo. Kilimani hatuna Desemba ya baridi. Baridi yetu ni ya Julai, mawingu yanapotanda kutwa na kipimajoto kushuka usiku hadi nyuzi 11 au 12. Huo ndio wakati tulipofungua chupa ya mtindo wa Ubelgiji, asilimia 10 ya kileo, yenye mdalasini, karafuu na maganda ya machungwa, iliyokaa kabatini miaka mitano.

Mtu aliyelelewa na mnazi au muratina ana sababu nzuri ya kuishuku bia ya umri huo. Pombe zetu za kienyeji hunywewa zingali changa. Mnazi ukilala unaanza kuwa siki, kwa sababu bakteria hugeuza kileo kuwa asidi ya asetiki. Bakteria hao, hata hivyo, wanahitaji oksijeni. Ndani ya chupa iliyozibwa vyema oksijeni ni haba mno, kileo ni kingi, na uchungu wa maua ya hopsi huzuia bakteria wengine wengi. Kwa hivyo bia hii haiozi. Inabadilika, na inabadilika kwa kemia.

Kinachopungua kwanza ni uchungu. Molekuli za hopsi zinazoleta ukali ule kwenye ulimi huvunjika mwezi baada ya mwezi, na utamu wa kimea uliokuwa umefunikwa hujitokeza. Harufu ya ndizi mbivu ambayo hamira huipa bia changa nayo hufifia, kwa kuwa esta inayoibeba hurudi kuwa kileo na asidi. Wakati huohuo oksijeni ile kidogo iliyobaki inafanya kazi yake. Katika bia nyepesi matokeo yake huwa mabaya: hujitokeza aldehidi iitwayo nonenali, yenye harufu ya katoni iliyolowa, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa sehemu ya kumi tu ya mikrogramu katika lita nzima. Bia nzito na nyeusi ina kimea kilichokaangwa na sukari nyingi iliyobaki, na harufu zake kali huimeza nonenali hiyo. Badala yake oksijeni huleta harufu za zabibu kavu, tende na asali.

Kuna harufu moja iliyonifurahisha kuliko zote, nayo ni ya sotoloni. Hii ni molekuli inayojitokeza katika mvinyo wa zamani na katika bia zilizozeeka, na ndiyo hasa inayoupa uwatu harufu yake. Mpishi yeyote wa Mombasa angeitambua kwa mnuso mmoja. Ilikuwamo glasini, nyuma ya tende, ingawa hakuna aliyetia uwatu katika bia ile.

Karafuu nayo ina habari zake. Hamira nyingi za Ubelgiji hutengeneza zenyewe molekuli yenye harufu ya karafuu kutokana na asidi iliyomo katika maganda ya nafaka, lakini harufu hiyo hupungua sana bia ikizeeka. Karafuu halisi, kama ile ya Pemba na Unguja, hubeba eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yake na ndiyo wanayoitumia madaktari wa meno kutuliza maumivu. Hiyo hudumu zaidi. Ukikutana na karafuu iliyo wazi katika bia ya miaka mitano, uwezekano mkubwa ni kwamba mtu aliitia kwa mkono.

Yote haya yanategemea joto. Kwa kawaida, joto likipanda kwa nyuzi 10 mimenyuko ya namna hii huenda kasi mara mbili au tatu. Wastani wa Mombasa ni nyuzi 26 hivi, wa Nairobi ni 18 au 19. Chupa iliyowekwa Nyali, Mombasa, itazeeka karibu mara mbili kwa kasi kuliko mwenzake wa Kilimani, na harufu za katoni zitawahi mbele. Kabati lenye giza katika fleti ya Kilimani, mbali na jiko na dirisha, halijawa na ubaridi wa ghala la chini ya ardhi la Ubelgiji, lakini linafaa bila friji wala umeme.

Na joto la glasi? Ladha nyingi tunazozihisi mdomoni hutoka puani: mvuke hupanda kwa njia ya nyuma ya koo kila tunapomeza. Bia ikiwa na nyuzi 4, sotoloni na eujenoli hazipandi vya kutosha. Ikiwa na nyuzi 14 au 16, yaani joto la chumba chetu Julai, zinapanda. Baridi kali pia hupunguza nguvu ya ulimi kuhisi utamu. Ukiizika bia hii katika barafu, umenunua ukimya wa miaka mitano.

Lile joto linaloteremka kooni ni suala jingine, na ni udanganyifu wa neva. Kileo hukishusha hadi karibu nyuzi 34 kizingiti cha kipokezi ambacho kwa kawaida huamka kwenye nyuzi 42, hivyo joto la mwili wenyewe linahisiwa kama moto. Mdalasini nao huamsha kipokezi cha jirani. Mwili kwa kweli unapoteza joto kupitia ngozi, kwa hiyo sweta isivuliwe.

Jambo la mwisho ni la mkono. Kilimani iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa ni zaidi kidogo ya asilimia 80 ya ule wa Pwani, kwa hivyo gesi hutoka chupani kwa pupa. Simamisha chupa siku nzima ili mashapo ya hamira yatulie, ifungue polepole, mimina ukiwa umeinamisha glasi, na uache kidole kimoja cha bia chini ya chupa.