Simu imebadilisha kazi, usimamizi nao ubadilike: mwongozo kwa waajiri na wafanyakazi wa Kawangware 56

Mwenye saluni, mwenye hoteli, mwenye duka la jumla na fundi wa kuchomelea vyuma katika eneo la Kawangware 56, Kaunti Ndogo ya Dagoretti Kaskazini, wote ni waajiri mbele ya sheria. Hii ni kweli hata kama wamemwandika mtu mmoja tu.

Kwa miaka mingi usimamizi wa biashara hizi ulikuwa wa macho. Mwenye biashara alikuwepo, aliona nani amefika mapema, na jioni alilipa pesa mkononi. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, mambo yalianza kubadilika. Leo mwajiri anaweza kuwa na duka Kawangware na lingine Kibera. Kazi hugawanywa kwenye kundi la WhatsApp, na malipo hutumwa kwa simu.

Mabadiliko haya yameokoa muda, lakini yameleta mizozo. Ujumbe wa M-Pesa huonyesha kiasi kilichotumwa na siku. Hauonyeshi kama pesa hizo zilikuwa mshahara, mkopo au malipo ya kazi ya ziada.

Makubaliano yaandikwe

Chukua mfano wa mhudumu wa hoteli anayedai aliahidiwa shilingi 700 kwa siku, na mwajiri anashikilia kuwa walikubaliana 500. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi unapaswa kuandikwa, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Kesi ikifika mahakamani naye hana maandishi, ni juu yake kuthibitisha kuwa madai ya mfanyakazi si ya kweli.

Karatasi moja inatosha. Iandikwe majina, kazi yenyewe, siku ya kuanza, malipo, saa za kazi na siku za mapumziko, kisha pande zote mbili zitie sahihi na kila mmoja abaki na nakala.

Kibarua si kibarua daima

Baadhi ya waajiri huendelea kumwita mtu kibarua mwaka mzima kwa sababu analipwa kila jioni. Sheria haiangalii jina. Kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia jumla ya mwezi mmoja, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, na hawezi kuachishwa kazi bila notisi ya siku 28 au malipo ya notisi hiyo.

Mfanyakazi ana haki ya siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi yenye malipo kwa mwaka. Mama aliyejifungua hupata likizo ya miezi 3, na baba wiki 2.

Makato nayo yawe wazi. Mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya SHA na asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Kwa nyumba, mwajiri huongeza asilimia 1.5 yake. Kwa NSSF, pande zote mbili huchangia. Kumkata mfanyakazi bila kuwasilisha pesa hizo ni kosa.

WhatsApp si mahali pa kufuta mtu kazi

Ujumbe wa usiku unaosema "kesho usije" umewaponza waajiri wengi. Kabla ya kumfuta mtu kwa makosa au utendaji duni, mwajiri anatakiwa kumweleza kosa lake kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake aliyemchagua, na kumsikiliza. Asipofanya hivyo, anaweza kuamriwa kulipa fidia hata kama kosa lilikuwa la kweli.

Vilevile, picha za vitambulisho au majibu ya hospitali ya mfanyakazi yasitumwe kwenye kundi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari hizo.

Mambo manne ya kuanza nayo

1. Kuwa na daftari la mahudhurio na malipo, ambalo mfanyakazi hutia sahihi.
2. Kueleza malipo ni ya nini kila pesa zinapotumwa kwa simu.
3. Kukubaliana saa ambazo ujumbe wa kazi unahitaji kujibiwa.
4. Kukutana ana kwa ana angalau mara moja kwa wiki, kwa sababu malalamiko mengi hayaandikwi kwenye kundi.

Pa kupata usaidizi

Kaunti hutoa leseni za biashara, lakini masuala ya leba yako chini ya Serikali ya Kitaifa. Mfanyakazi anayeamini amefutwa isivyo haki anaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3. Kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hufunguliwa ndani ya miaka 3. Waajiri pia wanaweza kufika ofisi ya leba kuomba ushauri kabla mzozo haujazuka.